Picha Haina Jina Mpaka Uliandike

Ndugu zangu, wazee wetu, na ninyi vijana mliokuja na albamu zenu kwapani, nawasalimu nyote, na nawashukuru walionialika kuja kusema nanyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maandishi yetu wenyewe katika albamu za kumbukumbu. Namna ya kukata karatasi, kupanga rangi na kubandika utepe nawaachia wenye ufundi huo, na humu wamo wengi. Mimi nimekuja kuitetea ile nafasi ndogo inayobaki kando ya picha. Nimepitia albamu nyingi za watu, nzuri za kupendeza, zenye maua ya karatasi na herufi za kung'aa, nikafika mwisho bila kujua waliomo ni akina nani. Kurasa zimejaa, na hakuna aliyesema neno. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta.

Nianzie Paris, mwaka 1900. Katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya mwaka ule, msomi Mmarekani mweusi, W. E. B. Du Bois, alipeleka albamu zenye picha 363 zinazoonyesha maisha ya Wamarekani weusi. Enzi hizo ilikuwa kawaida kuwachora watu weusi kwa dhihaka, naye alitaka ulimwengu uwaone walivyo: wamevaa nadhifu, wameketi kwa heshima, wanaitazama kamera bila woga. Albamu zile zipo hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwenye intaneti anaweza kuzifungua akiwa nyumbani kwake. Zifungueni, ni kazi kubwa. Lakini mtaona kwamba nyingi ya zile picha za watu hazina majina. Zilikusudiwa kuionyesha jamii, na kwa kazi hiyo zilitosha. Watafiti wa baadaye wamewatambua baadhi tu ya waliopigwa. Maana yake ni kwamba leo hii mtu anaweza kukutana uso kwa uso na bibi mzaa bibi yake, akafunua ukurasa, akapita.

Albamu ya nyumbani haina kazi ya kuionyesha jamii. Ipo kwa ajili ya mtu huyu na mtu yule, kwa majina yao. Majina yakipotea, imebaki karatasi.

Na hayakawii kupotea. Anayejua haandiki kwa sababu anajua. Mwanawe anakumbuka nusu, kwa kuwa aliambiwa siku moja wakati akili yake iko kwenye mambo mengine. Mjukuu anarithi sanduku la watu asiowajua, na huruma yote aliyonayo haiwezi kumsaidia, kwa kuwa wa kuulizwa hayupo. Nimeona watu wakizigeuza picha nyuma, moja baada ya nyingine, wakitafuta japo neno moja.

Watengenezaji wa kamera waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1888 George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak iliyokuja na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani, nao wanasafisha picha na kukuwekea filamu nyingine. Kuanzia hapo picha zikaacha kuwa shughuli ya studio peke yake, zikaanza kurundikana majumbani. Mwaka 1914 kampuni hiyohiyo ikatoa kamera zenye kijidirisha nyuma. Ukishapiga picha, unafungua kijidirisha, unachukua kijiti cha chuma, unaandika maneno machache kwenye karatasi inayoifunika filamu, unaacha mwanga uingie kwa sekunde chache, kisha unafunga. Filamu ikisafishwa, maandishi yako yanatokea ukingoni mwa picha, kwa mwandiko wako mwenyewe. Mimi nawaheshimu sana waliobuni kitu kile. Walijua kwamba wakati mzuri wa kuandika juu ya picha ni palepale ilipopigwa, watu wakiwa bado wamesimama na vicheko havijaisha.

Simu zetu zinaandika zenyewe saa, tarehe, hata mahali. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Simu haijui kwamba mjomba alikuja ingawa alikuwa amenuna mwezi mzima. Haijui kwamba yule mtoto wa pembeni si wa ukoo, ni wa jirani, aliyependwa kuliko wengi wa ukoo.

Wengine mtasema: mbona nakumbuka? Picha yenyewe itanikumbusha. Naomba tulitazame hilo kwa makini. Mtaalamu wa saikolojia Linda Henkel, wa Marekani, alichapisha mwaka 2014 utafiti aliowatembeza watu ndani ya jumba la makumbusho. Vitu walivyovitazama tu kwa macho walivikumbuka vizuri kuliko vile walivyovipiga picha nzima. Ni kana kwamba akili ikiona kamera imeshika, yenyewe inaachia. Ila palikuwa na tofauti: walipoisogeza lenzi wakapiga sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Kwangu mimi somo la waandishi wa albamu limo hapo. Ukichagua sehemu moja ya siku ile na kuikazia macho, siku nzima inakaa nawe.

Kuna utafiti mwingine, nao nauleta makusudi ingawa unaonekana kunipinga. Mwaka 2002 Kimberley Wade, Maryanne Garry na wenzao waliwaonyesha watu wazima picha ya bandia iliyounganishwa, ikiwaonyesha wakiwa watoto ndani ya puto kubwa la hewa moto, safari ambayo hawakuwahi kuifanya. Baada ya kuhojiwa mara kadhaa, nusu yao wakaanza kuikumbuka, huyu kidogo, yule kwa kirefu. Baadaye Garry na Wade wakailinganisha picha ile na maelezo mafupi ya maandishi juu ya safari hiyohiyo isiyokuwapo. Maandishi yaliwapoteza watu zaidi kuliko picha.

Basi maneno yana nguvu hiyo. Mwanao ataamini ulichoandika kando ya picha yake kuliko atakavyoamini picha yenyewe, na ataishi nacho. Hii ni dhamana. Ndiyo maana nasema andika mapema, kabla hujaisimulia hadithi mara nyingi ikajirembesha. Na ukiandika, tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. "Nilikuwepo" ni neno zito. "Shangazi alinisimulia" ni neno zito pia, na lina faida ya kumtaja shangazi. Usipokuwa na hakika na mwaka, andika "nadhani", usione aibu. Atakayesoma atajua aanze kutafuta wapi.

Haya, tuandike nini? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Majina kwanza, yote, na kamili. "Mama na mimi" ni maandishi ya mtu anayedhani atakuwepo siku zote kueleza mama ni nani na mimi ni nani. Taja jina lake na la baba yake, na lile la utani kama ndilo watu walilomwitia. Sema nani yuko kushoto. Halafu tarehe na mahali. Mambo haya yanachosha kuyaandika, nakubali, lakini hayatungwi wala hayahitaji kipaji, kwa hiyo hakuna mwenye udhuru.

Baada ya hapo yanakuja maneno yenyewe, na wengi hukwama hapo kwa sababu wanaandika kile ambacho picha tayari inakisema. Nakuta ukurasa wa mtoto, umeandikwa: "Siku ya kuzaliwa, miaka 5. Tulifurahi sana." Mishumaa naiona. Furaha naiona. Umenipa nini ambacho sikuwa nacho? Sasa jaribu hivi: "Hivyo viatu vyekundu ulikataa kuvivua hata kitandani. Siku ile ulivivaa cha kulia kushoto na ukagoma kurekebishwa. Mishumaa ilipozimika ulilia, ukidhani tumemaliza kukupenda mpaka mwaka mwingine." Sentensi tatu, na mtoto amepatikana. Hakuna kamera duniani iliyoweza kuyapata yale.

Picha imekatwa pande zote nne. Wewe ulikuwa upande wa nje. Kwa hiyo jiulize aliyeshika kamera alikuwa nani, maana mara nyingi ndiye aliyewapenda wote waliomo, na hatokei hata mara moja. Katika familia nyingi kuna mtu mmoja ambaye albamu nzima ni kazi ya macho yake na sura yake haimo. Andika jina lake kwenye kila ukurasa alioupiga. Jiulize nani alitakiwa kuwepo na hakuwepo, na kwa nini. Kulikuwa na harufu gani, nani alikuwa anaimba chumba cha pili, na nini kilisemwa dakika moja kabla ya ninyi wote kutulia na kutazama mbele. Hasa yaliyosemwa. Nukuu watu wako walivyotamka, na makosa yao, na neno lao la kupenda kurudiarudia. Sauti ya mtu ndiyo ya kwanza kututoka masikioni akishaondoka.

Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, katika shajara aliyoiandika akijificha Wanazi mjini Amsterdam, alibandika picha zake mwenyewe na kuandika kando yake. Kwenye mojawapo, Oktoba 1942, aliandika kwamba angetamani aonekane vile siku zote, pengine angepata bahati ya kufika Hollywood. Alikuwa na miaka 13. Picha peke yake ni ya msichana wa shule kama wengine. Mstari ule ndio unaotufanya tumsikie akijitazama, akijipima, akiota mbali ilhali hawezi hata kutoka nje ya mlango. Hakuandika kwa ufundi mkubwa pale. Aliandika alichokiwaza, basi.

Kwa sababu hiyohiyo nasema wazi kwamba sipendi yale maneno yaliyochapwa tayari, ya stika na kadi, yanayosema familia ni upendo na kila dakika ni zawadi. Si mabaya. Lakini ukiyabandika kando ya baba yako, yanaweza kuhamishiwa kando ya baba wa mtu yeyote na yakakaa vilevile. Nafasi ile ulipewa wewe ueleze huyu mmoja. Kama huwezi kuandika shairi, usiandike shairi. Andika kwamba alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema jambo la muhimu.

Na nafasi yenyewe lazima itengwe. Nimewaona watu wakipanga picha, wakaweka mapambo, wakamaliza, ndipo wakatafuta pa kuandika, wakaambulia upana wa kidole. Geuzeni mpangilio. Anza na karatasi ya pembeni, andika mpaka maneno yaishe, yapunguze ukitaka, uone yanadai nafasi kiasi gani. Picha na mapambo vifuate. Ukurasa wenye picha moja na aya mbili hautamchosha mtu. Unaweza hata kuwa na ukurasa usio na picha kabisa, kwa siku ambayo hakuna aliyekumbuka kamera. Siku kubwa nyingi huwa hivyo.

Mtu ananiambia mwandiko wangu mbaya, nitachapa kwa kompyuta. Chapa kama habari ni ndefu, sina ugomvi na hilo. Ila weka japo jina lako na tarehe kwa mkono. Mwandiko ni sehemu ya mwili wako inayobaki kwenye karatasi, na watakaoupenda hawataukagua kama mwalimu anavyokagua daftari. Mtoto anayeanza shule, mwachie aandike mwenyewe, herufi zikiwa zimegeuka nyuma mbele, usimsahihishe. Mzee ambaye macho yamechoka au hakusoma, akae na kijana. Mzee aseme, kijana aandike neno kwa neno, bila kulainisha. Nikipewa kuchagua kati ya vifaa vyote vya dukani na kikao kimoja cha namna hiyo, nachagua kikao.

Sasa jambo gumu. Albamu nyingi zina sikukuu tupu, kana kwamba watu wale hawakuugua, hawakugombana, hawakuzika. Sisemi kila kitu kibandikwe mezani. Lakini ukurasa wa mwaka mgumu una haki ya kuwepo, na kuuandika kunaweza kumsaidia mwandishi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika juu ya matukio yaliyowaumiza pamoja na walivyojisikia, walitoka pale wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nawatajia ile huzuni ya kwanza ili ikikujia usidhani umekosea kuanza. Ukiona ni nzito mno, weka kalamu chini, rudi wakati mwingine, au kaa na mtu unayemwamini.

Maneno ya namna hiyo si lazima yawe wazi kwa kila mgeni anayefunua kurasa. Yakunje, yatie kwenye bahasha ndogo iliyobandikwa nyuma ya picha, andika juu yake jina la anayeruhusiwa kuifungua. Na habari ikiwa ni ya mtu aliye hai, mwombe ruhusa. Talaka ya dada yako ni ya dada yako, hata kama nawe ulilia.

Niseme kidogo juu ya vifaa, kwa kuwa maneno mazuri kwenye karatasi mbaya ni huzuni ya mara mbili. Karatasi ya gazeti ina lignini, kile kitu cha asili kinachoufanya mti uwe mgumu, ndiyo maana inageuka njano na kukatika. Usiandikie hapo, na kipande cha gazeti unachokithamini tengeneza nakala yake kwenye karatasi bora. Tafuta karatasi isiyo na asidi wala lignini. Kuna kiwango cha kimataifa cha karatasi za kudumu, ISO 9706, kinachotaka karatasi iwe na akiba ya kutosha ya alkali ya kuzima asidi inayozaliwa kadiri miaka inavyokwenda. Kalamu iwe ya wino wa pigmenti, yaani wenye chembechembe za rangi zisizoyeyuka, usiofifia upesi na usiotiririka ukiguswa na maji. Biro iacheni kwa orodha za sokoni: wino wake mwingi unafifia kwenye mwanga, na ukiibonyeza nyuma ya picha, mistari inachomoza mbele, usoni kwa mtu. Nyuma ya picha za zamani za karatasi tumia penseli laini na mkono mwepesi. Picha za siku hizi zina tabaka la plastiki lisiloshika penseli. Andika kwenye karatasi ya kando uziweke pamoja. Na wenye zile albamu za miaka ya 1970, zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika juu, zipigeni picha kurasa nzima kwanza kabla ya kubandua chochote, maana gundi ile imekwisha kung'ang'ania picha nyingi zisitoke.

Gundi na karatasi zimefikiriwa kwa muda mrefu. Mwandishi Mark Twain alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kitabu cha kubandikia chenye gundi yake tayari mwaka 1873, unalowanisha, unabandika. Tangu wakati ule vifaa vimezidi kuwa bora kila kizazi. Sehemu ambayo hakuna kiwanda kitakachotufanyia ni hii ya kuketi na kuandika.

Kwa hiyo nimewaomba waandaaji watuachie robo saa iliyobaki. Karatasi na penseli ziko mbele yenu. Kila mmoja atoe picha moja kati ya alizokuja nazo, ile ambayo ana wasiwasi nayo kuliko zote, ambayo akiondoka yeye hakuna wa kuieleza. Msiibandike. Andikeni majina ya waliomo, kuanzia kushoto, halafu jina la aliyeshika kamera, halafu jambo moja lililosemwa siku ile. Asiyeona vizuri ainue mkono, kijana aliye karibu atahamia kiti chake. Na ukikuta kuna mtu mmoja pale kwenye picha humjui jina, na unaye ndugu anayemjua, simu unayo mfukoni. Toka nje umpigie sasa hivi, tutakusubiri.